Mita Kumi

Kutoka Kigoma mjini hadi Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale ni kama kilomita 120 kwenda kusini, ukifuata ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kwa lami hiyo ingekuwa safari ya asubuhi: unaondoka baada ya chai, unafika kabla ya chakula cha mchana. Lami hiyo haipo, na hata barabara ya vumbi inayojikongoja kwenye vijiji vya jirani inaishia nje ya milima. Ndani ya hifadhi, yenye kilomita za mraba 1,613, hakuna barabara. Askari wa uhifadhi hufanya doria kwa miguu na kwa boti. Mtafiti hutembea. Mtalii aliyelipa mamilioni naye hutembea, tena kwa kupanda, na jasho lake halina tofauti na la mpagazi. Ukishazoea Serengeti, ambako simba hutazamwa kupitia dirisha la gari huku mtu akimenya ndizi, jambo hili linakushtua kidogo.

Mwenye pesa hufika kwa ndege ndogo, inatua kwenye kiwanja cha udongo upande wa kaskazini, kisha boti humalizia safari. Mwenye pesa kiasi hukodi boti Kigoma. Asiye na pesa lakini mwenye muda hupanda boti la mbao la abiria na kukaa pamoja na magunia ya dagaa, madumu ya mawese, kuku waliofungwa miguu, na watoto wanaolala juu ya mizigo hata kabla injini haijawashwa. Njia hii ya tatu ndiyo ninayoipenda, ingawa siipendekezi kwa mtu anayeogopa maji. Ziwa lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, na upepo ukiamka, boti la mbao linakumbusha kila abiria dini yake.

Wazee wa mwambao bado wanapima safari hii kwa Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupanda reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena ikiwa na jina la Liemba. Kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo basi la ziwa zima. Haikuwa ikifunga gatini, maana vijiji vingi havikuwa na gati. Ilisimama mbali na ufuko usiku wa manane, ikapiga honi, na mitumbwi ikaifuata gizani kupokea watu, mizigo na habari.

Ninaanza na usafiri kwa sababu wageni wengi huuona umbali huu kuwa kasoro ya Mahale, jambo la kuvumiliwa ili uwafikie sokwe. Mimi nimeanza kuuona kwa namna nyingine. Sokwe mtu yupo Mahale leo, kwa mamia, kwa sehemu kubwa kwa sababu kufika hapo ni taabu. Na ule umbali wa pili, wa mita kumi, ambao mwongozaji atakudai uutunze ukishamfikia sokwe mwenyewe, ni wa aina ileile. Tofauti ni kwamba wa kwanza umewekwa na milima na maji, na wa pili unategemea adabu ya mtu.

Milima yenyewe inaanzia majini. Kilele chake kirefu, Nkungwe, kina mita 2,462, na ukiwa kwenye boti unakiona kimejitwika mawingu wakati huku chini jua linachoma. Upande wa magharibi, unaotazama ziwa na Kongo ng'ambo, mvua hunyesha kwa wingi na msitu ni mzito, wenye mito midogo ya maji baridi yanayoshuka kwa haraka. Ukivuka kilele kwenda mashariki unaingia kwenye miombo, nchi kavu ya korongo, palahala na nyuki. Sokwe wanaotembelewa na wageni wanaishi upande wa ziwa, sehemu iitwayo Kasoge.

Kasoge palikuwa nyumbani kwa watu. Watongwe walilima hapa, waliwinda, walirina asali na kuvua, wakiishi katika vitongoji vidogo vilivyotawanyika mabondeni. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, wengi walihamishiwa kwenye vijiji vikubwa nje ya milima, na hifadhi ilipotangazwa mwaka 1985 mlango wa kurudi ukafungwa. Vipeperushi vya watalii havisemi hili, au hulisema kwa nusu sentensi. Msitu wenyewe haujaficha kitu. Unapotembea kwenye njia za Kasoge, katikati ya miti ya porini unakutana na mwembe mkubwa, halafu mlimau, halafu mpera. Hakuna ndege aliyepanda miembe kwa mstari. Hayo yalikuwa mashamba na nyua za watu, na msitu umeota juu yake kwa muda wa maisha ya mtu mmoja.

Sokwe wamerithi bustani hizo. Mwanzoni hawakuzigusa, walijifunza kula maembe, mapera na malimau baada ya watu kuondoka, na watafiti waliandika jinsi tabia hiyo ilivyoanza na kuenea. Cha kuchekesha ni mchikichi. Mchikichi upo Mahale, na mkoa wa Kigoma unajulikana nchi nzima kwa mawese. Kule Gombe, kaskazini ya Kigoma mjini, sokwe wanakula chikichi kwa bidii. Sokwe wa Mahale wanapita chini ya mti huohuo kana kwamba ni nguzo ya umeme. Ziwa ni moja, mmea ni mmoja, mnyama ni mmoja, na bado kwa hawa ni chakula na kwa wale si chakula. Kila jamii ina miiko yake, hata hii isiyo na mzee wa kuitamka.

Gombe ndiyo iliyoifanya Tanzania ijulikane duniani kwa sokwe. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na hadi alipofariki Oktoba 2025 jina lake na la Gombe yalikuwa hayatenganishwi. Mahale haikupata bahati hiyo ya umaarufu, lakini kazi yake ni ya zamani karibu sawa. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuzunguka mwambao huu mwaka 1961 wakitafuta mahali pa kuwachunguza sokwe, na baada ya kujaribu sehemu kadhaa bila mafanikio makubwa, mwanafunzi mmoja kijana, Toshisada Nishida, akaweka kambi Kasoge mwaka 1965. Alikuwa na tatizo ambalo kila mtu anayetafuta sokwe huwa nalo: sokwe wakimwona mtu wanakimbia. Na wana sababu.

Nishida alitumia miwa. Alianzisha shamba la miwa na kusubiri. Mwaka 1966 sokwe wa kundi la kwanza, lililokuja kuitwa kundi la K, walianza kula, na miaka miwili baadaye wakafuata wa kundi kubwa zaidi, la M. Miwa hiyo ilizaa ugunduzi. Nishida aliona kwamba makundi hayo hayachanganyiki: M wakikaribia, K wanaondoka. Hadi wakati huo ilikuwa haijathibitika kama sokwe wana jamii zenye mipaka au wanatangatanga tu wakikutana na kuachana. Kwenye shamba la miwa mpaka ulionekana. Sokwe ni raia wa mahali fulani. Madume huzaliwa na kufia katika kundi la baba zao. Majike wakivunja ungo wengi huondoka kwenda kundi jingine, kama bibi harusi aendaye ukweni, na kuanza upya chini ya macho ya majike wenyeji ambao hawana haraka ya kuwapenda.

Kundi la K halipo tena. Madume wake wakubwa walitoweka mmoja baada ya mwingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi lilikuwa limekwisha. Majike na watoto wengi wakahamia M. Watafiti wanashuku kwamba madume wa M waliwaua angalau baadhi yao, ingawa hawakushuhudia kama walivyoshuhudia wenzao wa Gombe, ambako kati ya 1974 na 1978 kundi moja lililogawanyika lilimaliza upande wake mmoja. Swali linabaki ikiwa shamba la miwa, lililowakusanya wapinzani mahali pamoja, lilichochea chochote. Ulishaji ulipunguzwa na hatimaye ukasimamishwa kabisa mwaka 1987. Nadhani ulichelewa kusimamishwa, lakini ni rahisi kusema hivyo kwa mtu anayekula matunda ya kazi hiyo. Sokwe wa M leo wanamvumilia binadamu kwa sababu babu na bibi zao walivumilia.

Nao wafuatiliaji wa sokwe, yaani wanaume waliojua bonde lipi lina maji kiangazi na tunda lipi linaiva lini, walikuwa Watongwe. Hili nalo ni la kuwekwa mahali pake. Mmoja wao, Mohamedi Seifu Kalunde, alikuwa mganga na mtoto wa ukoo wa waganga. Mwishoni mwa 1987 alikuwa msituni na mtafiti Michael Huffman wakimfuata jike aitwaye Chausiku, aliyeonekana hoi: analala mchana, hali, hachezi na mwanawe. Chausiku akausogelea mti mdogo, akavunja tawi, akamenya ganda na majani, akaanza kutafuna moyo wa tawi na kufyonza maji yake. Huffman akauliza mti gani. Kalunde akamjibu: mjonso, dawa yetu, chungu sana, tunampa mtu mwenye tumbo na minyoo. Sokwe wengine waliokuwa jirani hawakuugusa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amerudia hali yake, anakula kwa hamu.

Mwaka 1989 maelezo ya tukio hilo yalichapishwa katika jarida la Primates yakiwa na majina mawili, Huffman na Seifu. Uchunguzi wa maabara uliofuata ulikuta kwenye mjonso kemikali zenye nguvu dhidi ya vimelea. Kalunde hakushangaa sana. Katika familia yake ilijulikana kwamba babu yake alijifunza dawa nyingine, mulengelele, kwa kumtazama nungunungu mgonjwa akichimba na kula mizizi yake. Wanyama kufundisha tiba, kwake, ilikuwa habari ya kawaida. Kilichokuwa kipya ni kwamba sasa kuna watu wanaiandika.

Sasa twende msituni.

Wafuatiliaji huondoka gizani. Sokwe hulala juu ya miti, kila mmoja kwenye kiota anachokijenga upya jioni kwa kukunja matawi, mtoto anayenyonya akiwa na mama yake. Anayejua walipolala jana anajua pa kuanzia leo. Wageni husubiri chini, wamevaa buti, wamejaza chupa za maji, mpaka redio ya mwongozaji ikorome. Kuna siku sokwe wapo karibu na ufuko na unawafikia kabla soksi hazijalowa. Kuna siku wamepanda juu kabisa na mwongozaji anakutazama magoti kwanza kabla ya kusema neno. Kuanzia Julai hadi Oktoba, kiangazi, huwa wanashuka zaidi. Ndio msimu wa wageni. Masika njia zinateleza na sokwe hutawanyika juu milimani.

Unawasikia kabla ya kuwaona. Mlio wao unaanza chini, pumzi za kusukumwa, unapanda na kuongeza kasi mpaka unakuwa kelele za wazi, na mara nyingi dume humalizia kwa kupiga teke mizizi mipana ya mti, ngurumo mbili tatu zinazofika hadi ng'ambo ya bonde. Wa ng'ambo wanajibu. Mwongozaji wetu, kijana wa mwambao huo, alisikiliza kidogo na kutaja majina mawili. Anamjua kila mmoja kwa sauti, kwa sikio lililochanika, kwa mwendo. Kundi la M lina sokwe wapatao sitini, na wote wana majina, mama zao wana majina, na kwa wengi hata bibi zao wamo kwenye madaftari.

"Vaeni barakoa, wazee wangu," akasema. "Mama, na wewe. Na pua, tafadhali. Pua ndiyo hasa."

Halafu saa moja ikaanza kuhesabiwa. Hiyo ndiyo kanuni: wageni wasiozidi sita, saa moja, mita kumi, barakoa, hakuna kula wala kutema mate, na mtoto wa chini ya miaka 12 haruhusiwi hata kama baba yake ni waziri. Wengi hulalamikia hiyo saa moja. Dakika tano za kwanza unazipoteza kwa mshangao, kumi zinazofuata kwa kamera, na ndipo unaanza kutazama.

Kitu cha kwanza kutazama ni mikono. Madume wawili walikuwa wamekaa wakitazamana, kila mmoja ameinua mkono mmoja juu, viganja vimeshikana juu ya vichwa vyao, na kwa mkono uliobaki kila mmoja anachambua manyoya ya kwapa la mwenzake. Mkao huu ulielezwa na William McGrew na Caroline Tutin mwaka 1978 kama desturi ya Mahale. Gombe hawafanyi. Hauna faida ya dhahiri, maana kwapa linaweza kuchambuliwa bila sherehe hiyo. Ni desturi tu, iliyoshika hapa na haikushika kule. Vilevile hapa mmoja akimchambua mwenzake humkuna mgongo kwa mikwaruzo mirefu inayosikika. Na dume kijana anayemtaka jike huketi pembeni, akachukua jani na kulichana vipandevipande kwa meno, akilitema bila kumeza, kwa ajili ya ule mlio tu, huku akijifanya anaangalia kwingine. Jike hujua. Wote tunajua.

Umbali si mkubwa kati ya Mahale na Gombe, lakini hata ulaji wa wadudu umetofautiana. Gombe ndiko Goodall alikomwona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti, habari iliyotikisa wanasayansi, na kule hula siafu pia kwa kuwachovya na fimbo ndefu. Kundi la M huwaacha siafu wapite. Wao wanapanda mti wenye sisimizi wakubwa wanaoishi ndani ya shina, wananyoosha kijiti, wanakiingiza tunduni na kukitoa kimejaa. Mama hufanya hivyo kwa muda mrefu, na mtoto hukaa karibu akitazama, anajaribu na kijiti kinene mno, anashindwa, anaanza kumwudhi mama yake. Kujifunza huku kunachukua miaka. Mtoto wa sokwe hunyonya kwa miaka minne au mitano, na jike huzaa mara moja katika miaka mitano au sita hivi. Kumbuka hesabu hii tutakapofika kwenye magonjwa.

Cha pili ni siasa. Mwongozaji alituonyesha dume kiongozi kwa kidevu, bila kunyoosha kidole. Uongozi wa sokwe hautegemei misuli peke yake, na Mahale ndiko hili lilikoelezwa vizuri mapema. Mwaka 1976, katika kundi la K, kiongozi Kasonta alikuwa akisumbuliwa na Sobongo. Dume wa tatu, Kamemanfu, hakuwa na nguvu ya kumshinda yeyote kati yao, lakini alikoegemea ndiko kulikoshinda. Kwa hiyo akawa anaegemea huku leo na kule kesho, na kila upande ukambembeleza, ukimwachia hata majike. Nishida aliandika hayo, na naamini msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi. Ana mifano yake.

Aliyekuja kuwa bingwa ni Ntologi wa kundi la M, aliyeshika uongozi mwaka 1979 na kukaa nao, ukiacha kipindi kifupi alipopinduliwa, hadi miaka ya 1990. Siri yake ilikuwa nyama. Sokwe wa Mahale huwinda mbega wekundu, na nyama ikipatikana wote hukusanyika kuomba kwa mikono iliyonyooshwa. Ntologi aliwagawia majike na madume wazee wasioweza kumpinga, na aliwanyima madume vijana waliokuwa wakimnyemelea. Mwaka 1995 alikufa kwa majeraha makubwa, na inaaminika waliomuua walikuwa wa kundi lake. Mwaka 2011 kiongozi mwingine, Pimu, aliuawa mchana kweupe mbele ya watafiti: alikuwa akichambuana na Primus, akamng'ata, ugomvi ukalipuka, na madume kadhaa wakamshambulia mpaka akafa. Primus akashika nafasi. Nishida mwenyewe alikuwa ameaga dunia miezi michache kabla, Juni mwaka huohuo, na hakuyaona hayo.

Katikati ya saa yetu dume kijana aliinuka alipokuwa amekaa na kuja moja kwa moja kwenye njia tuliyosimama. Sokwe hajui mita kumi. Mwongozaji alisema kwa sauti ya chini, "Rudini nyuma, taratibu, acheni njia," nasi tukajibana kwenye vichaka, wote sita, pua zimefunikwa, tumeshika pumzi. Alipita karibu sana. Hakututazama hata kidogo. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa amesafiri kutoka mbali mno, baadaye alilalamika kwamba alitamani angetazamwa.

Mimi nilikuwa nikifikiria 2006. Kati ya Juni na Julai mwaka huo kundi la M lilipatwa na ugonjwa wa kikohozi na mafua. Sokwe waliokuwa wakiruka matawini walionekana wamekaa chini, wanakohoa, makamasi yanawatoka. Takriban 12 walikufa au kutoweka bila kuonekana tena, katika kundi lenye sitini na ushee. Sampuli zilionyesha virusi vya njia ya hewa, jamaa ya vile vinavyomfanya binadamu apige chafya wiki moja kisha asahau. Sokwe hana kinga dhidi yavyo. Tunakaribiana naye kwa damu kiasi kwamba mafua yetu mengi yanamfaa, na kwa jike anayezaa kila baada ya miaka mitano, vifo vya mwezi mmoja ni deni la kizazi kizima.

Baada ya hapo barakoa zikawa lazima, na watu wa Mahale walikuwa wakivaa barakoa msituni miaka mingi kabla dunia nzima haijafundishwa kuzivaa. Sheria inasema pia mwenye mafua haingii. Hapo ndipo pagumu. Mtu ametoka ng'ambo, amelipa ndege mbili na kambi ya kifahari ufukoni, anaamka na kikohozi. Atasema? Waongozaji wanasikiliza vifua wakati wa chai. Kijana wetu alituambia amewahi kumrudisha mgeni kutoka njiani, na mgeni akakasirika, na ofisi ikamuunga mkono kijana. Alisimulia kwa kifupi, bila kujisifu, kisha akaturudisha kwenye mada ya nani anatembea mbele.

Kazi iliyoanzishwa na Nishida na Watongwe kwa miaka sitini imekuwa ya kupunguza umbali kati ya mtu na sokwe: kutoka kukimbiwa, hadi kuvumiliwa, hadi kupuuzwa. Bila hiyo tusingejua chochote kuhusu Chausiku wala Ntologi, na bila wageni pesa za kulinda milima zingekuwa pungufu. Lakini sokwe aliyezoea mtu ndiye anayeambukizwa na mtu. Wale mamia wengine wa Mahale, wasio na majina, bado wanakimbia wakituona, na kwa afya yao wanafanya vyema.

Ndiyo maana kila ninaposikia wazo la kupitisha barabara ndani ya milima ili "kufungua utalii," nashika kichwa. Barabara italeta magari, magari yataleta maduka, na pamoja nayo watu, mbwa na mafua ya kila msimu. Wacha ndani ya hifadhi watu waendelee kutembea.

Boti ni habari nyingine, kwa sababu ndiyo inayowazuia Watanzania. Raia wa Tanzania hatozwi kiingilio anachotozwa mgeni. Tofauti ni kubwa mno, na mabanda ya wageni ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, pale Kasiha si ya kifahari. Kinachomshinda raia ni mafuta ya boti. Niliowaona Mahale ni Wajerumani, Wamarekani, na wanandoa wawili wa Kifaransa. Watanzania waliokuwapo walikuwa kazini. Vijiji vya Katumbi na Buhingu viko mlangoni mwa hifadhi. Mtoto wa pale anaweza kumaliza shule akiwa amesikia habari za sokwe redioni tu, ilhali wao wapo juu ya mlima anaouona akifungua dirisha. Boti moja la hifadhi, likipangiwa siku zake kila kiangazi, lingeweza kuwachukua wanafunzi wa darasa la saba wa Buhingu sita sita, wenye umri unaoruhusiwa, barakoa usoni, na kuwarudisha nyumbani kabla dagaa wa jioni hawajaanza kuvuliwa.